Pralini za Njugu Zinapoharibika: Dalili na Sababu Zake katika Jiko la Nairobi

Mtu aliyekulia kwenye kashata za karanga hahitaji maelezo marefu kuhusu pralini, kwa kuwa zote mbili ni sukari iliyopikwa ikafikia kiwango chake, ikatiwa njugu, kisha ikaachwa igande. Jina la pralini limetoka Ufaransa, kwa bwana mkubwa wa karne ya 17 aliyeitwa Plessis-Praslin, na husimuliwa kwamba lozi za kuvishwa sukari zilianzia jikoni mwake. Nchini Ubelgiji neno hilo humaanisha chokoleti yenye kiini laini ndani. Katika mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, pralini ni sukari, krimu na siagi zilizochemshwa pamoja, zikatiwa njugu za pekani na kutonwa kwa kijiko zigande kuwa vidonge bapa vinavyoyeyuka mdomoni. Hizi za New Orleans ndizo zinazowasumbua zaidi wapishi wa nyumbani, na ndizo nitakazozishughulikia kwa kirefu, nikitumia karanga, korosho za Pwani au makadamia za Murang'a na Embu badala ya pekani. Za Kifaransa, yaani za karameli kavu, nitazigusa baadaye.

Kipimo ninachokitumia ni gramu 200 za sukari nyeupe, gramu 200 za sukari ya kahawia, mililita 150 za krimu, gramu 60 za siagi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na gramu 200 za njugu zilizokwisha kukaangwa. Vyote isipokuwa njugu huchemshwa pamoja mpaka shira ifikie kiwango. Sufuria huepuliwa na kuachwa itulie kwa dakika tano hivi. Njugu hutiwa, mwiko huzungushwa mpaka mng'ao wa shira uanze kufifia, na hapo mchanganyiko hutonwa haraka kwenye karatasi ya kuokea. Kazi yenyewe ni fupi, lakini kila hatua ina namna yake ya kuharibika.

Kwanza, joto la kitabuni si joto la Nairobi

Sehemu kubwa ya malalamiko ninayoyasikia kuhusu pralini hapa mjini inatokana na jambo moja ambalo vitabu vingi vya mapishi havilitaji, nalo ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu kanieneo ya hewa ya huku ni ndogo kuliko ya Mombasa, maji yetu huchemka yakifika nyuzi 94 au 95 hivi badala ya 100. Watu huliona jambo hili kwenye maharagwe yanayokawia kuiva, lakini ni wachache wanaolihusisha na sukari.

Kipimajoto kinapozamishwa katika shira inayochemka, kinachotuonyesha hasa ni kiasi cha maji kilichobaki ndani yake. Kadiri maji yanavyopungua, ndivyo shira inavyohitaji joto kubwa zaidi ili iendelee kuchemka, na ndiyo maana tunaweza kuusoma ukavu wa shira kwa kuitazama namba. Sasa, ikiwa maji yenyewe yanachemka nyuzi sita mapema, basi ngazi nzima imeshuka kwa nyuzi sita. Maelezo yaliyoandikiwa watu wa usawa wa bahari huagiza pralini ziepuliwe kati ya nyuzi 114 na 116. Mpishi wa Nairobi akiingoja 115, shira yake itakuwa imekauka kama ile ambayo mpishi wa Mombasa angeipata akifika 121, na hiyo ni shira inayokusanyika kuwa kidonge kigumu badala ya laini.

Mimi mwenyewe nilipoteza sukari nyingi kabla ya kulielewa hili. Nilikuwa nimepewa kipimo na shangazi yangu wa Mombasa, nikakifuata kwa uangalifu mkubwa, na mara nne mfululizo nikapata vidonge vikavu vilivyovunjika kama chaki. Nilimpigia simu.

"Shikamoo, shangazi. Zimekataa tena."

"Marahaba, mwanangu. Uliitonesha kwenye maji?"

"Hapana, nilifuata kipimajoto."

"Basi hicho kiweke kando. Tia tone kwenye bakuli la maji baridi, ulifinye. Likikusanyika likawa kidonge laini, epua."

Siku hiyo tone lilikusanyika vidoleni mwangu, laini kama nta iliyopashwa moto, nilipochungulia kipimajoto na kukuta kimesimama kwenye 109.

Marekebisho yake ni mepesi. Chemsha maji matupu, zamisha kipimajoto bila kukigusisha chini ya sufuria, na uandike namba utakayoiona maji yanapotokota. Itoe katika 100. Tofauti utakayoipata, iwe ni tano, sita au saba, ndiyo utakayoipunguza katika kila namba ya kitabuni inayohusu shira inayochemka. Uzuri wa njia hii ni kwamba inasahihisha pia hitilafu ya kipimajoto chenyewe. Aliyeko Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu, atapata tofauti kubwa kuliko ya aliyeko mjini, na kila mmoja apime jikoni mwake. Kwa jiko langu, pralini huepuliwa kati ya nyuzi 108 na 110.

Pralini ni ngumu, kavu, na zinavunjika kama chaki

Sababu ya kwanza ni hiyo niliyoieleza, kwamba shira imepitiliza. Iwapo umeshapunguza nyuzi na bado zinatoka kavu, angalia kama ncha ya kipimajoto inazama vizuri. Kipimo cha gramu 400 za sukari kwenye sufuria pana hufanya shira ya kina kidogo sana, na kipimajoto huishia kusoma joto la mvuke na povu huku shira ya chini ikiwa imeshapita kiwango. Tumia sufuria isiyo pana, yenye kina, au inamishe kidogo upande mmoja kila unapopima, ukiishika kwa kitambaa kikavu.

Sababu nyingine ni kuendelea kuzungusha mwiko baada ya wakati wake. Pralini huganda kwa kuwa chembe ndogo za sukari zinajijenga ndani yake, na kila mzungusho huongeza chembe. Anayesubiri mpaka mchanganyiko uwe mzito kama sima amechelewa. Vidonge vikavu havina haja ya kutupwa. Virudishe sufuriani pamoja na vijiko vitatu au vinne vya krimu, viyeyushe kwa moto mdogo mpaka usione chembe yoyote, kisha upike tena hadi kiwango. Njugu zitalainika kidogo, ila ladha itabaki nzuri.

Hazigandi, au zinanata kwenye karatasi hata baada ya saa nzima

Hapa maji yamebaki mengi. Mara nyingi mpishi amehofia kuunguza akaepua mapema, au amepunguza nyuzi sita kwenye kipimajoto ambacho tayari kilikuwa kinasoma juu kuliko joto halisi, au amepika siku ya mvua kubwa. Sukari huvuta unyevu wa hewani, na katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, mimi huongeza nyuzi moja juu ya kiwango changu cha kawaida na kufunga dirisha la jikoni mara tu mvuke unapopungua.

Kuna sababu ya pili ambayo haiondoki hata kwa kupika zaidi. Asali, sharubati ya glukosi na maji ya limau huizuia sukari isijenge chembe, na kwa kiasi kidogo ni msaada mkubwa, kama nitakavyoeleza hivi karibuni. Lakini mtu akitia vijiko vitatu vya asali kwa ajili ya ladha, atapata kitu kinachovutika kama tofi na kisichokuwa pralini kamwe. Kijiko kimoja cha chai kwa kipimo hiki kinatosha.

Pralini zilizobaki laini kwa sababu ya maji hurudishwa sufuriani zikapikwa tena bila kuongezewa chochote. Zilizolainishwa na asali ni bora zikatwe vipande na kufungwa kwenye karatasi, ziliwe kama tofi.

Zina chenga zinazokwaruza ulimi

Hii ndiyo kasoro inayohitaji subira zaidi kuielewa, kwa sababu pralini nzuri nayo imejaa chembe za sukari. Tofauti iko kwenye ukubwa wake. Chembe zikiwa nyingi na ndogo mno, ulimi hauzitambui, na tunasema pralini ni laini. Zikiwa chache na kubwa, tunahisi mchanga. Kazi yote ya mpishi, kuanzia sukari inapoyeyuka hadi anapotona, ni kuzuia chembe zisianze mapema, kisha kuziruhusu zianze zote kwa pamoja wakati shira imeshapoa kiasi.

Chembe huanza mapema kwa njia tatu. Ya kwanza ni sukari ambayo haikuyeyuka kabla ya shira kuanza kuchemka, hasa sukari yetu ya kahawia ambayo punje zake ni kubwa. Yeyusha kwa moto mdogo, ukikoroga, mpaka mwiko usikwaruze tena chini ya sufuria. Utasikia tofauti hiyo kwa mkono kabla ya kuiona kwa macho. Ya pili ni punje zilizorukia kando za sufuria zikakaukia hapo. Punje moja ikidondokea kwenye shira iliyokolea, huwa mbegu, na sukari yote hukimbilia kujijenga juu yake. Funika sufuria kwa dakika mbili mara shira inapoanza kuchemka, ili mvuke uzioshe kando hizo, au zipanguse kwa brashi iliyochovywa maji. Ya tatu, na iliyo ya kawaida kuliko zote, ni kukoroga shira ingali ya moto sana. Baada ya sukari kuyeyuka, punguza mkono; mwiko upite chini taratibu mara chache tu ili maziwa yasishike. Ukishaepua, acha kabisa kuigusa kwa zile dakika tano.

Wakati wa kuzungusha ukifika, itazame shira kwa makini. Mwanzoni ni nyeusi-nyeusi na inang'aa kama kioo kilicholowa, na mwiko ukiinuliwa hutiririka uzi mwembamba usiokatika. Baada ya dakika moja au mbili uzi huo hunenepa, rangi hufifia kidogo kuelekea ile ya chai ya maziwa, na mwiko huacha mfereji unaokawia kujifunika. Hapo ndipo pa kutona, na huna muda mrefu zaidi ya dakika mbili. Ninashauri karatasi itandazwe na vijiko viwili viwekwe tayari kabla hata jiko halijawashwa.

Matone machache ya limau, au kile kijiko cha asali nilichokitaja, husaidia kuzuia chembe za mapema, kwa kuwa tindikali ya limau huivunja sehemu ya sukari ikawa ya aina mbili tofauti zisizopangika kwa urahisi. Hata hivyo limau na maziwa haviendi pamoja, na kwa pralini za krimu ninapendelea asali.

Mchanganyiko umeganda ndani ya sufuria kabla ya kutonwa

Tia kijiko kimoja au viwili vya maji ya moto, rudisha juu ya moto mdogo kwa nusu dakika, koroga mara tatu na uendelee kutona. Wapishi wa New Orleans nao hufanya hivyo. Ikiwa jambo hili hukutokea kila mara, pasha njugu moto kidogo kabla ya kuzitia, kwa kuwa njugu za baridi, hasa zilizotoka kwenye jokofu, huipooza shira kwa ghafla.

Mafuta yamejitenga na kuelea juu

Siagi hushikamana na shira kwa msaada wa maji na protini za maziwa. Moto ukipanda na kushuka kwa ghafla, au maji yakipungua kupita kiasi, mshikamano huo hukatika na mafuta hutoka nje. Epua, tia kijiko kimoja cha maji ya moto, koroga taratibu mpaka yaingie tena, kisha urudishe kwenye moto wa wastani usiobadilika. Siagi isipopatikana, watu hutumia majarini, na ladha hupungua. Lakini majarini laini zile za kupaka mkate, zenye maji mengi na mafuta machache, zisitumike kabisa katika kazi hii.

Maziwa yamekatika

Ukiona vinyuzi vyeupe vikielea kabla shira haijakolea, tindikali imeyakata maziwa. Sukari ya kahawia iliyokolea na sukari guru zote zina tindikali kidogo, na maziwa yaliyokaa siku mbili huwa nayo zaidi. Ncha ya kisu ya soda ya kuokea, ikitiwa mwanzoni pamoja na sukari, huituliza tindikali hiyo, na pia huifanya rangi iwe ya kahawia zaidi. Tafadhali magadi ya kupikia maharagwe yasitumike badala yake, kwa kuwa ni makali zaidi na huacha ladha ya sabuni. Krimu hukatika kwa nadra kuliko maziwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kuigharamia.

Ladha ni chungu, au kuna vipande vyeusi

Wengi wetu tunapikia juu ya mtungi wa gesi wa kilo sita, wenye mwako unaokusanyika katikati, na sufuria zetu za alumini ni nyembamba. Shira huungua kwenye duara dogo la katikati huku kando zikiwa bado hazijachemka vizuri. Njia niliyoiona kuwa bora ni kuweka kikaango kizito cha chapati juu ya moto na kukalisha sufuria juu yake, ili chuma kisambaze joto. Kupika huchukua muda mrefu zaidi, pengine dakika kumi za ziada, lakini sijaunguza shira tangu nianze kufanya hivyo. Ikishaungua chini, usiikwaruze: mimina ya juu kwenye sufuria nyingine, uonje, na kama uchungu umeshaenea, hakuna kiungo kitakachouficha.

Kwa kuwa tunazungumzia moto, niseme pia kwamba shira ikidondokea mkononi hunata na kuendelea kuchoma, jambo ambalo maji ya moto hayafanyi. Beseni la maji baridi liwe karibu, na watoto wakae nje ya jiko mpaka pralini zigande.

Karameli kavu: pale ambapo hesabu ya nyuzi sita haitumiki

Pralini za Kifaransa hupikwa mpaka sukari ibadilike rangi, karibu nyuzi 160 hadi 170, na hapo maji yameshakwisha. Kubadilika rangi huko kunategemea joto lenyewe wala si kiwango cha kuchemka, kwa hiyo anayepunguza nyuzi sita hapa atapata sukari iliyopauka na isiyo na harufu. Fuata rangi: epua ikifanana na asali iliyokoza, kwani itaendelea kuiva kwa joto la sufuria.

Sukari ikifanya madonge meupe katikati ya karameli, moto ulikuwa mkali upande mmoja. Upunguze na usubiri, madonge yatayeyuka yenyewe. Wale wanaosaga pralini hizi kwenye blenda ili wapate rojo ya kujazia keki hulalamika mara nyingi kwamba wamebaki na unga mkavu. Mafuta ya njugu bado hayajatoka. Saga kwa vipindi vya nusu dakika, uipumzishe mota, na uendelee. Karanga huwa na mafuta karibu nusu ya uzito wake na makadamia hupita asilimia 70, kwa hiyo rojo itafika bila kuongeza tone la maji. Maji yakiingia, mchanganyiko wote hushikana ukawa donge.

Njugu zenyewe zina kasoro

Njugu zilizolainika ndani ya pralini hazikukaangwa vya kutosha. Zikaange kwa moto mdogo mpaka moja ikikatwa katikati ionekane na rangi ya kahawia hafifu hadi kwenye kiini. Zikiwa na harufu ya rangi ya kupakia ukuta, mafuta yake yamechacha, na sukari haitaisaidia ladha hiyo. Makadamia na korosho pia huchacha, kwa hiyo ninaponunua kwenye maduka ya Nyamakima huomba kuonja kwanza, na wauzaji wazuri hawakatai.

Suala la ukungu ni zito zaidi. Karanga zilizosinyaa, zenye madoa meusi au vumbi la kijani, zinaweza kuwa na sumukuvu, ambayo joto la kukaanga haliimalizi. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya. Zimwage njugu zako kwenye ungo penye mwanga, uzichambue moja moja, na yoyote unayoitilia shaka uitupe.

Zilikuwa nzuri jana, leo zimetoka jasho

Pralini zilizowekwa kwenye chombo zingali na uvuguvugu hutoa mvuke, na mvuke huo hurudi kuwa maji juu yake. Ziache kwenye karatasi kwa saa mbili mpaka upande wa chini uwe wa baridi zinapoguswa. Kisha zipange kwenye mkebe unaofunga vizuri, karatasi kati ya safu na safu, na mkebe uwekwe kabatini; kwenye jokofu zitavuta unyevu kila unapolifungua. Zikiwekwa hivyo, hukaa wiki moja zikiwa katika ubora wake. Baada ya hapo mabaka meupe huanza kujitokeza juu, kwa sababu sukari inaendelea kujenga chembe. Mabaka hayo hayadhuru, ila wageni wapewe zile za wiki hii.